Munganga Aliyeandika kwa Mdomo

Mwezi wa Novemba 1951, katika Kitivo cha Utabibu cha Lyon, Ufaransa, mwanafunzi mweusi wa miaka 26 alitetea tasnifu yake ya udaktari. Ilikuwa na kurasa 75. Ilihusu ugonjwa wa Friedreich, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mishipa ya fahamu hata mtu akashindwa kutembea sawasawa, pamoja na matatizo ya akili yanayoweza kufuatana nao. Jopo likaridhika, naye akawa daktari. Lakini hiyo siyo tasnifu aliyokuwa ametaka kuitetea. Ya kwanza ilikuwa maandishi marefu, makali, yaliyojaa ushairi, falsafa na visa vya barabarani, juu ya mtu mweusi anayeishi mbele ya macho ya Wazungu. Profesa wake aliikataa: hiyo haikuwa kazi ya utabibu. Mwanafunzi akaiweka kando, akaandika juu ya uti wa mgongo, akapata shahada yake. Mwaka uliofuata, ile kazi iliyokataliwa ikatoka Paris katika shirika la uchapishaji la Seuil kwa jina la Peau noire, masques blancs. Mwandishi wake alikuwa Frantz Fanon.

Naanza na kisa hicho kwa sababu naandikia watu wa kitivo, na kati yetu wako ambao memwari yao ilirudishwa na wino mwekundu pembeni. Sitaki kuwatuliza, mara nyingi wino mwekundu una haki yake. Ninachotaka ni kumwondoa Fanon kwa muda katika kozi ambako tumezoea kumkuta. Tunamsoma kama mtu wa siasa na mwanafalsafa wa vurugu, mtu wa sentensi tatu ambazo kila mwanafunzi anazitaja kwenye mtihani. Mimi nimemsoma mwaka huu kama munganga aliyeandika insha, na nimefikia rai moja: karibu kila insha yake kubwa ilizaliwa katika chumba cha kupima wagonjwa, na hasa pale ambapo mgonjwa na munganga hawakuwa na lugha moja. Kama rai hiyo ni ya kweli, basi Fanon ni wetu sisi watu wa lugha kabla ya kuwa wa wengine.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 mjini Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique. Baba alikuwa mtumishi wa forodha, mama alikuwa na duka. Walikuwa watu wa kati, wenye uwezo wa kulipia shule, na katika jamaa za namna hiyo mtoto alikaripiwa akisema Kikreole mbele ya wageni. Kifaransa kilikuwa ngazi. Alisoma Lycée Schoelcher, shule ambako Aimé Césaire alikuwa akifundisha, na mashairi ya Césaire aliyabeba kichwani hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1943, wakati kisiwa kiko chini ya watu wa Vichy, alivuka bahari kwa siri hadi Dominica ili ajiunge na Wafaransa Huru. Mwaka 1944 alisafirishwa kwenda Maroko, kisha Aljeria, kisha Ufaransa. Jeshini aliona kwamba askari wa visiwani waliwekwa upande wa Wazungu, na Watirayeri wa Senegali upande wao, na kwamba ngozi yake ilihesabiwa tofauti kulingana na nani anayehesabu. Alijeruhiwa mashariki mwa Ufaransa, akapewa nishani ya vita. Ofisa aliyetia sahihi chini ya sifa zake aliitwa Raoul Salan, yule yule ambaye baadaye angeongoza jeshi la Ufaransa katika vita vya Aljeria. Mtunzi wa riwaya angeogopa kubuni jambo hilo.

Baada ya vita alirudi nyumbani, akamaliza shule, akaja tena Ufaransa kwa msaada uliotolewa kwa askari wa zamani. Alijaribu udaktari wa meno Paris kwa majuma machache, akauacha, akaenda Lyon kusomea utabibu. Lyon ndipo mwandishi anapoonekana. Mwaka 1949 aliandika michezo ya kuigiza mitatu. Haikuchezwa, na wawili kati yake ulikuja kuchapishwa mwaka 2015 tu. Nimeusoma mmoja. Ni kazi ya kijana anayependa maneno mazito kuliko wahusika wake, wala sioni haya kusema kwamba hatukupoteza mtunzi mkubwa wa tamthilia. Lakini inatufunza kitu: Fanon alianza na sauti, yaani na maneno ya kutamkwa mbele ya watu.

Tangu hapo hakuandika kama sisi tunavyoandika. Alikuwa akitembea chumbani, huku na huko, akisema, na mtu mwingine akipokea. Peau noire alimsomea Josie Dublé, msichana aliyekuja kuwa mke wake mwaka 1952. Miaka saba baadaye, mjini Tunis, alifanya vile vile na karani wake wa hospitali, Marie-Jeanne Manuellan, ambaye alipokea kitabu kizima cha vita vya Aljeria kutoka mdomoni mwake. Ukijua hilo, mtindo wake unaanza kueleweka. Zile sentensi zinazokatika ghafla, yale marudio, kule kumgeukia msikilizaji bila taarifa, si hila za kalamu. Ni pumzi ya mtu anayetembea. Na nadhani ndiyo sababu wanafunzi wetu wanaomfasiri wanapata shida: wanatafuta sarufi ya maandishi mahali ambapo pana sarufi ya mazungumzo.

Mhariri wake, Francis Jeanson, aliwahi kumwomba afafanue kifungu kimoja kilichokuwa na giza. Fanon alijibu kwamba hawezi, kwa kuwa hapo alitaka kumgusa msomaji mwilini kabla ya akili. Huyu Jeanson ndiye aliyependekeza jina la kitabu. Walipokutana mara ya kwanza, Jeanson aliusifu mswada. Fanon akadhani anasifiwa kwa namna ya kusema kwamba kwa mtu mweusi si vibaya, akalitoa wazo hilo kwa ukali. Jeanson akamwonyesha mlango. Inasemekana tangu siku ile Fanon alimheshimu. Mtu aliyefukuzwa bila kuhurumiwa alijua kwamba amechukuliwa kama mtu kamili.

Sura ya kwanza ya kitabu hicho inahusu lugha, na ni lazima isomwe na kila mtu anayepita katika korido zetu. Wengi wanakumbuka sehemu ya kijana wa Martinique anayerudi kutoka Paris akijidai amesahau Kikreole. Wachache wanakumbuka kwamba katika sura hiyo Fanon anatuingiza katika chumba cha kupima wagonjwa. Anaeleza jinsi waganga wanavyosema na wagonjwa Wazungu kwa adabu, halafu akiingia Mwarabu au mtu mweusi, wanabadili mdomo: wanamwita kwa nafsi ya umoja, wanavunja sarufi makusudi, wanamsemesha kama mtoto. Sisi tunaojua tofauti ya kumwambia mama mzima uko na kumwambia muko hatuhitaji maelezo marefu. Ninachokipenda ni kwamba Fanon anajitia mwenyewe katika hesabu. Anakiri kwamba akiwa mbele ya mwanamke mzee wa shamba aliyepungukiwa akili, alihisi lugha yake mwenyewe ikishuka. Hakujisamehe. Hapo ndipo insha ya munganga inatofautiana na hotuba: anayeshtaki yumo kati ya washtakiwa.

Nina lawama moja juu ya sura hiyo. Anaonyesha vizuri sana uzito wa Kifaransa juu ya kichwa cha Mkreole, lakini Kikreole chenyewe, utajiri wake, hadithi zake, mafumbo yake, kinapita haraka kama kitu kisichokuwa na mengi ya kutoa. Mtu aliyefundishwa kukionea haya alijua haya ile kwa undani; lugha yenyewe aliijua kidogo kuliko haya.

Mwezi wa Februari 1952, jarida la Esprit lilichapisha insha yake juu ya kile alichokiita kwa kejeli ugonjwa wa watu wa Afrika ya Kaskazini. Wagonjwa walikuwa wafanyakazi Waarabu wa Lyon, wanaume waliokaa peke yao katika vyumba vya kupanga, mbali na wake na watoto. Mgonjwa anakuja, anaulizwa anaumwa wapi. Tumbo. Kisha kichwa. Kisha mgongo. Kisha mwili mzima. Munganga anapima, haoni kidonda wala uvimbe. Anaamua kwamba huyu ni mwongo, mvivu, anatafuta siku za kupumzika. Mgonjwa wa pili anapofika, hukumu imekwisha kuandikwa kabla hajafungua mdomo. Fanon anageuza uchunguzi: anaacha kumpima mgonjwa, anampima munganga. Anauliza mtu huyu anaishi na nani, anakula nini, anapendwa na nani, na kama mwili mzima hauwezi kuuma kweli.

Niliposoma kurasa hizo nilifunga kitabu. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza nkambo wangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Nkambo alisema Kisanga, munganga alisema Kifaransa, nami nilikaa katikati na Kisanga changu cha kuokota. Munganga aliuliza wapi panauma. Nkambo akajibu kwa muda mrefu. Alianza na mguu, akapita kwa mume wake aliyekufa, akafika kwenye shamba, akarudi kwa mguu. Nilitafsiri hivi: anasema mwili mzima unamuuma. Munganga akatabasamu, akaandika vidonge. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikimlaumu yeye kwa lile tabasamu. Fanon alinifanya nione kwamba maneno mia mbili ya nkambo ni mimi niliyeyafanya matano.

Alipokwisha kuhitimu, Fanon alikwenda Saint-Alban, hospitali ya magonjwa ya akili katika milima ya Lozère, kujifunza kwa François Tosquelles, mkimbizi Mkatalani wa vita vya Hispania. Kwa Tosquelles, hospitali yenyewe ndiyo iliyopaswa kutibiwa kwanza, ndipo iweze kumtibu mtu: wagonjwa wakutane, wafanye kazi, waendeshe mambo yao. Kifaransa cha Tosquelles kilikuwa na lafudhi nzito, naye alisema kwamba hiyo ilimsaidia, kwa sababu mgonjwa alilazimika kufanya juhudi kumwelewa na hivyo akawa mfasiri badala ya kuwa msikilizaji tu. Saint-Alban walikuwa na gazeti la ndani lililoandikwa na wagonjwa na wahudumu, na Fanon aliandika humo tahariri fupi fupi. Hakuna anayezitaja anapohesabu vitabu vyake, lakini nazihesabu kama shule yake ya insha. Ni ukurasa mmoja, msomaji ni mtu aliyefungiwa ndani, na neno lisiloeleweka halina maana yoyote.

Novemba 1953 alifika Blida-Joinville, hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili karibu na mji wa Algiers. Walimkabidhi wanawake Wazungu 165 na wanaume Waislamu 220. Aliingia na mbinu zote za Saint-Alban: mikutano, sherehe, sinema, kazi za mikono, na gazeti lililochapwa hapo hapo hospitalini, ambalo tahariri zake aliziandika mwenyewe. Kwa wanawake Wazungu mambo yalibadilika upesi. Waliimba, walishona, waliandaa sherehe, wodi ikawa na sauti za watu. Kwa wanaume Waislamu, hakuna kitu. Walikuja mikutanoni kwa kulazimishwa, wakakaa kimya. Nyimbo hawakuimba, gazeti hawakusoma. Miezi ikapita.

Mwaka 1954 yeye na mwanafunzi wake Jacques Azoulay waliandika makala juu ya kushindwa huko. Kwangu mimi ndiyo maandishi yake yenye ujasiri kuliko yote, ingawa hayana hata sentensi moja ya kuchora ukutani. Ni daktari mkuu wa wodi anayeeleza mbele ya wenzake jinsi alivyokosea. Alichukua sherehe, nyimbo na michezo ya Ulaya akaiweka mbele ya watu wa Aljeria kana kwamba wote wana utoto mmoja. Wengi wao hawakujua kusoma, naye akawapa gazeti. Aliwataka wafume vikapu, kazi ambayo kwao ni ya wanawake, kumbe wakipewa jembe walilima. Na juu ya yote hayo, yeye hakujua Kiarabu wala Kikabyle. Kila neno lilipita kwa muuguzi aliyekalimani. Fanon na Azoulay wanaeleza kwamba mkalimani anaharibu uhusiano wenyewe: mgonjwa wa nchi ya kikoloni amekwisha kuzoea kukutana na mkalimani mahakamani na polisi, kwa hiyo akimwona hospitalini anajifunga. Tena mgonjwa wa akili anasema kwa mafumbo, kwa mkato, kwa sauti inayopanda na kushuka, na mkalimani anatoa upande wa pili sentensi moja safi iliyokufa.

Ile sentensi safi iliyokufa naijua vizuri. Niliitoa mwenyewe.

Baada ya kushindwa, walibadili mambo. Wakafungua mkahawa wa Kiarabu ndani ya hospitali, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamwalika msimulizi wa hadithi, wakatengeneza uwanja wa mpira. Wanaume wakaanza kusema. Mwaka 1956, pamoja na Charles Geronimi, Fanon alitoa kazi nyingine ya namna hiyo juu ya jaribio la picha, lile ambalo mgonjwa anaonyeshwa picha na kuombwa atunge kisa. Wanawake Waislamu wa Blida hawakutunga kitu. Walitaja vitu vilivyo katika picha na kunyamaza. Wataalamu wa shule ya Algiers, wanafunzi wa Antoine Porot, wangesema basi hawa hawana ubunifu. Fanon na Geronimi walitazama picha zenyewe: vyumba vya Ulaya, nguo za Ulaya, mapatano ya watu wa Ulaya. Wakaandika kwamba picha ndizo zilizoshindwa. Shule ile ya Porot, pamoja na kazi za Carothers aliyekuwa mganga wa akili nchini Kenya, atakuja kuzipiga vikali katika kitabu chake cha mwisho.

Vita vya Aljeria vilikuwa vimeanza tarehe 1 Novemba 1954. Mchana Fanon aliwapokea polisi waliokosa usingizi kwa sababu ya kutesa watu. Kwa siri aliwapokea wale walioteswa. Mwishoni mwa 1956 alimwandikia waziri mkaaji Robert Lacoste barua ya kujiuzulu. Barua ile ni insha ya kitabibu pia: inasema kwamba kazi ya utabibu wa akili ni kumrudisha mtu asiwe mgeni katika mazingira yake, na kwamba haiwezekani kumfanyia hivyo Mwarabu aliyefanywa mgeni katika nchi yake kwa amri. Januari 1957 akafukuzwa Aljeria.

Huko Tunis alifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Alikuwa munganga hospitalini, na alikuwa mwandishi wa El Moudjahid, gazeti la wapiganaji. Makala za gazeti hilo hazikuwa na majina. Mtu aliyepigania jina lake mbele ya profesa na mbele ya mhariri alikubali kuandika bila jina, na hata leo wataalamu hawakubaliani kila mara ni ipi yake na ipi ya wenzake. Kwa mtu wa fasihi hilo ni jambo la kufikiria: sehemu nzima ya maisha ya uandishi ambayo mwenyewe aliichanganya na ya wengine kwa hiari.

Mwaka 1959 Maspero alitoa L'An V de la révolution algérienne. Humo mna sura juu ya utabibu na ukoloni ambayo inarudi kwa yule mgonjwa wa Lyon, na kuna sura juu ya redio inayotuhusu zaidi. Zamani Waaljeria wengi walikataa redio, sauti ya mkoloni ndani ya nyumba. Ilipoanza Sauti ya Aljeria, kwa Kiarabu, Kikabyle na Kifaransa, watu walinunua vyombo hata vikaadimika. Wafaransa walipoizuia kwa kelele, mtu mmoja alitega sikio, akasikia nusu, akawatungia wengine nusu iliyobaki. Fanon anasema kwamba kwa njia hiyo Kifaransa chenyewe kilibadilika, kikaacha kuwa lugha ya amri tu. Picha hiyo naipenda, ila siiamini yote. Aliandika katikati ya moto, akakimbilia kutangaza kwamba donda la lugha limepona. Historia ya lugha nchini Aljeria baada ya uhuru, na yetu hapa, inaonyesha kwamba halikupona kwa urahisi huo.

Desemba 1958 alikuwa Accra katika mkutano wa watu wa Afrika yote, na huko ndiko alikofahamiana na Patrice Lumumba. Mwaka 1960 serikali ya muda ya Aljeria ilimtuma Ghana kuwa balozi wake, na Agosti mwaka huo alikuja Léopoldville pamoja na wajumbe wa Aljeria, nchi yetu ikiwa na miezi miwili ya uhuru na Katanga imekwisha kujitenga. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa karibu na mji huu tunamosomea. Mwezi uliofuata Fanon aliandika katika gazeti la Afrique Action, lililotoka Tunis, makala juu ya kifo hicho. Hakulia. Aliandika kama anavyoandika munganga baada ya mgonjwa kufa, akitafuta nani alifanya nini na saa ngapi. Kosa kubwa, kwake, lilikuwa la nchi za Afrika zilizowatuma askari wao chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, wakasimama wakitazama. Lumumba naye aliuamini Umoja huo kupita kiasi. Nimewasomea wazee wawili wa jamaa yetu makala hiyo kwa Kiswahili cha hapa, nikitafsiri papo hapo. Mmoja alikubali, mwingine aliondoka kabla sijamaliza.

Alipoandika hayo alikuwa amekwisha kujua kwamba atakufa. Desemba 1960 walimwona na saratani ya damu. Alipelekwa Moscow, akarudi Tunis na nafuu ndogo, na katika miezi michache ya 1961 akatoa Les Damnés de la terre, akisema na wengine wakiandika, kama kawaida yake. Mwaka huo huo alikutana na Sartre Roma. Walianza kuzungumza wakati wa chakula cha mchana, wakafika saa nane za usiku. Sartre aliandika dibaji, na dibaji ikawa mzigo: wengi waliisoma hiyo wakadhani wamemsoma Fanon. Baada ya 1967 Josie aliitaka iondolewe.

Kila mtu anataja sura ya kwanza, ile ya vurugu. Naomba wenzangu wasome ya tano. Humo Fanon anafungua daftari la munganga. Kuna polisi anayewapiga mke na watoto wake kwa mkono ule ule anaotesea, na anayeomba atibiwe ili aendelee kutesa bila kusumbuka. Kuna polisi aliyekutana uwanjani mwa hospitali na mtu aliyekuwa amemtesa, wote wawili wakaanguka kwa hofu. Kuna watoto wawili, wa miaka 13 na 14, waliomuua rafiki yao Mzungu waliyekuwa wakicheza naye. Fanon haelezi sana. Anaweka umri, dalili, usingizi, maneno ya mgonjwa, na kuacha. Anayesoma sura ya kwanza peke yake anaweza kudhani vurugu ni dawa. Aliyeandika sura ya kwanza aliona jinsi inavyowaacha watu, akaiandika pia.

Kitabu kilitoka Paris mwishoni mwa Novemba 1961, na polisi wakakikamata. Nakala moja ilimfikia katika hospitali ya Bethesda, Marekani, alikopelekwa kutibiwa. Alifariki tarehe 6 Desemba, mwenye umri wa miaka 36. Mwili ulirudishwa Tunis, wapiganaji wakauvusha mpaka, wakamzika katika ardhi ya Aljeria kama alivyotaka.

Mwaka 1978 kitabu hicho kilitoka Dar es Salaam kwa Kiswahili, kimefasiriwa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga, kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Dunia imeanguka njiani, viumbe wameingia mahali pake. Sijaamua kama hiyo ni hasara. Nakala yangu ni fotokopi ya fotokopi, na kurasa za sura ya tano zimefifia kuliko nyingine. Wagonjwa wa Kialjeria walioko humo walisema kwanza kwa Kiarabu au Kikabyle; wengi wao muuguzi alisikia, akatoa Kifaransa; Fanon akasema chumbani akitembea; mwanamke mmoja akapiga taipu. Kila ninapofika hapo nasoma polepole, nikijaribu kukisia ni maneno mangapi yaliyobaki katika mdomo wa muuguzi.